Tuhesabu Miti ya Mutondo



Kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, mama zetu wanatandaza tunkubiu sokoni. Tunanunua, tunakaanga, tunakula na bukari. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojua viwavi hivi vinatoka wapi?

Ni watoto wa kipepeo wa usiku, ambaye wataalamu wanamwita Elaphrodes lactea. Hula hasa majani ya mutondo, mti wa pori letu la miombo. Mnamo 1970 watafiti wa hapa Lubumbashi, akiwemo François Malaisse, waliandika habari za maisha yake.

Mutondo huohuo ndio tunaouchoma makala. Sisemi hivyo kumlaumu mchoma makala. Watoto wake wanataka kula na kusoma, na sisi wa mjini ndio tunaopika kwa jasho lake. Lakini mutondo ukiisha, kipepeo hana pa kutaga mayai, na mama wa sokoni hana cha kuuza.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimpa mtu kazi ya kutunza bustani, kisha akamletea viumbe ili avipe majina. Kutunza na kujua vinakwenda pamoja. Nani atalinda kitu asichokijua hata jina?

Majirani zetu wa Kopa, huko Zambia, wanatupa mfano. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanakijiji wenyewe hukagua pori kuona viwavi vimefikia wapi, hulinda miti na mayai visiunguzwe na moto, tena huweka wakati maalum wa kuvuna. Hawakungoja serikali iwafanyie.

Basi ninawaomba vijana, na wazee wanaojua miti, mjitolee. Kila parokia iliyo karibu na pori ichague kipande kimoja, mita 100 kwa mita 100, kwa ruhusa ya mwenye ardhi au chifu. Tembeeni kwa mstari, mhesabu kila mutondo. Pimeni unene wa shina kwenye kimo cha kifua. Andikeni pia visiki, na visiki vinavyochipua, maana mutondo uliokatwa huweza kuota tena ukiachwa bila moto. Mwezi wa tatu na wa nne rudini mtazame viwavi. Mwaka unaofuata, hesabuni tena palepale.

Kazi hii haina mshahara. Inahitaji daftari, kamba ya kupimia na miguu. Lakini siku tutakapokaa na chifu na wachoma makala kusema kipande gani kiachwe kipumzike, hatutakuja na malalamiko tu. Tutakuja na hesabu.

Mungu Muumba atupe macho ya kuona alichotukabidhi, na mikono ya kukilinda. Amina.