Aliyekabidhiwa Utekelezaji Huulizwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.



Mara nyingi tukitoka kuswali husikika tukisema: "Serikali imekataa", "Serikali imekula fedha". Neno hilo tunalirusha hewani, na kwa kuwa halimlengi yeyote, hakuna anayejibu. Basi na tujiulize: ni nani hasa tunayemdai?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imegawa mamlaka ya dola katika mihimili mitatu. Bunge hutunga sheria, Mahakama hutoa haki, na Serikali hutekeleza. Zanzibar nayo ina mihimili yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Ibara ya 33 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 52 inamkabidhi Waziri Mkuu usimamizi wa utekelezaji wa siku hadi siku. Mnyororo huo hushuka kwa mawaziri, wakuu wa mikoa na wilaya, na huku chini tunamkuta Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, aliyeajiriwa na halmashauri.

Wanaosoma Kiarabu huuita mhimili huu *as-sulta at-tanfidhiyya*, yaani mamlaka ya kutekeleza. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), aliwagawa mawaziri katika mafungu mawili: waziri wa *tafwidh*, aliyekasimiwa madaraka ya kuamua kwa rai yake, na waziri wa *tanfidh*, ambaye kazi yake ni kufikisha amri na kuitekeleza. Na hata yule wa kwanza, pamoja na ukubwa wa madaraka yake, alitakiwa kumjulisha kiongozi aliyoyapitisha, naye kiongozi ayakague. Kumbe kukabidhiwa na kuulizwa havitenganishwi.

Katiba nayo haikumwacha mtekelezaji bila wa kumuuliza. Ibara ya 63 imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tuliyashuhudia haya Februari 2008: Kamati Teule ya Bunge ilipotoa taarifa kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na Baraza la Mawaziri likavunjwa.

Ndugu zangu, Bunge liko mbali nasi, lakini Mkutano Mkuu wa Kijiji uko jirani, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Ni wangapi kati yetu huhudhuria? Tukiacha kwenda, kisha tukalaumu kibarazani kwamba zahanati haina dawa, tutakuwa tumeitupa haki yetu kwa mikono yetu wenyewe. Tuhudhurie, tuulize kwa adabu na kwa ushahidi, bila matusi na bila hofu. Na aliye mtendaji miongoni mwetu akumbuke kwamba cheo ni amana, na amana ina hesabu mbili: moja mbele ya watu na nyingine mbele ya Mola.

Tunamuomba Allah awaongoze walioshika amana, na atujaalie ujasiri wa kuwakumbusha. Amin.

Wabillahi tawfiq.