Mizani ya Mwenye Duka
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwanza)



Kamati ilipotuomba tuseme neno juu ya biashara ndogo na uongozi wake tulicheka kidogo, kwa maana wengi mlioketi hapa mwajua jinsi duka letu la kwanza lilivyokufa. Lakini Katibu alisema kwamba aliyezama ndiye awezaye kuwaonyesha wengine penye kina. Basi na tuanze na kuzama huko.

Tulikuwa makarani wanne. Tulichanga fedha sawasawa, tukapanga chumba huko Kirumba, tukaweka sukari, sabuni, unga, chumvi na dagaa. Muuzaji alikuwa mdogo wake mmoja wetu, kijana mwema, na kosa halikuwa lake. Kila jioni tulipotoka kazini tulipita dukani, mmoja akachukua kilo ya sukari, mwingine mche wa sabuni, wa tatu akatoa nauli ya mgeni wake katika droo, na kila mmoja akasema, “Nitaandika kesho.” Ofisini sisi hao hao hatukuweza kutoa hata shilingi moja bila hati ya malipo na sahihi ya mkubwa. Jambo hili latustaajabisha hata leo, kwamba mtu aliyezoezwa miaka kumi kutunza fedha za Serikali, akifika dukani kwake huyavua mazoea yake mlangoni kama koti la mvua. Mwezi wa tisa duka likafungwa. Hakuna aliyeiba. Tulilila tu, kidogo kidogo, kama mchwa walavyo boriti.

Na yule kijana aliona yote. Lakini angesemaje? Mdogo hamwambii kaka yake mbele ya rafiki zake, “Lipa kwanza.” Tulimpa ufunguo wa duka, wala hatukumpa ruhusa ya kutukataza. Hapo ndipo tulipokosa uongozi, ijapokuwa sote wanne tulijiita wakubwa.

Habari hii si ngeni katika nchi ya Ziwa. Wazee wa Usukuma waijua habari ya mizani kuliko sisi. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi akapima, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe, na malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakajiwekea wapimaji wao, watu wajuao kusoma tarakimu, wasimame kando ya mizani na kusoma pamoja na mnunuzi. Hawakuivunja mizani. Waliiwekea jicho la pili.

Miongoni mwa waliowaongoza wakulima wakati huo ni marehemu Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925. Huyu alikuwa mtu wa hesabu kama sisi. Alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akaja kutumika katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Angalieni basi: alitoka kwanza kwa wenye maduka madogo, ndipo akaenda kwa wakulima. Mwaka 1955 vyama vya pamba vikawa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya Uhuru wa 1961 pamba ya Jimbo la Ziwa ikawa inanunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe. Hili lilikuwa jambo kubwa, na kila mwana wa Ziwa ana haki ya kulijivunia.

Walakini habari haikuishia hapo, na sehemu yake iliyobaki haipendezi sana kusimuliwa. Haikupita miaka mingi, wakulima wakaanza kuvilalamikia vyama vyao wenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika nchini. Kamati ilikuta udhaifu wa uongozi, watumishi wasio waaminifu, na wanachama wasiojua yatendekayo chamani mwao. Mwaka 1967 Serikali ikalichukua shirikisho la Ziwa chini ya uangalizi wake. Wako wasemao siasa ndiyo iliyoharibu, na yawezekana wana sehemu ya kweli. Maoni yetu ni haya: mizani ilipokuwa ya mnunuzi, watu walisimama kando yake, ilipokuwa mali yao, wakaenda nyumbani kulala. Nasi wanne wa Kirumba tulifanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao walikuwa na pamba ya jimbo zima na sisi tulikuwa na sabuni.

Sasa tuje kwa wenzetu wenye dagaa, maana wako hapa waliotia akiba zao katika mitumbwi, au katika magunia pale Mwaloni. Ninyi mwajua kuliko sisi ya kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi hutumia taa za betri na za jua. Giza likiwapo samaki hukusanyika penye mwanga. Mwezi ukipevuka uvuvi hupungua na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo fedha ya dagaa huja kwa vipindi. Mwenye mtumbwi akipata ya siku za giza huiona ni nyingi, hununua bati, humtumia mjomba, huandaa karamu. Mwezi ukiangaza nyavu zimechanika na hana ya uzi. Sharti fedha ya matengenezo itengwe giza likali nene, na mwenye chombo ajiandikie mshahara wake kama amwandikiavyo mtu mwingine, asizidishe. Tena aikumbuke mvua. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa huharibika, wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Lakini ugomvi mkubwa wa mitumbwini haumo katika mvua wala mwezi. Mahali pengi wavuvi hulipwa kwa mgawo, baada ya gharama kutolewa. Gharama hizo huandikwa na nani? Na mwenye chombo. Huzisoma nani? Mwenye chombo. Hii ni mizani ile ile ya pamba. Twamjua mwenye mitumbwi mmoja ambaye husoma hesabu ya mafuta na ya vyakula kwa sauti, pale ufukoni, kabla ya kugawa, na kila mvuvi aweza kumkatiza. Wenziwe humcheka. Wavuvi wake hawamkimbii.

(Na neno moja pembeni: karani asiiuzie ofisi yake mwenyewe hata bahasha. Hapo hata macho kumi hayatoshi.)

Basi duka letu la pili lina mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, unaokaguliwa kila mwaka, na muuzaji wake ni mama mmoja asiye ndugu wa yeyote kati yetu. Nyuma yake ukutani pana karatasi tuliyoitia sahihi sote wanne, kwamba hakuna mwenye duka atakayechukua kitu bila kulipa. Wa kwanza kukataliwa alikuwa mmoja wetu, mbele ya wateja, kwa kopo la maziwa. Mama alimwambia kwa adabu, “Samahani baba, karatasi yasema hapana.” Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kumwongeza mama yule mshahara, nasi tukamwunga mkono, ingawa tulimwambia kuwa nyongeza nayo ilipaswa kupita katika kikao.

Mwisho wa kila mwezi vitu huhesabiwa na mtu asiye na hisa. Mwezi huu, Bwana Mwenyekiti, tungependa mtu huyo atoke katika baraza hili. Daftari tumelileta, liko hapa mezani. Katika kurasa za Mwezi wa Nne pana upungufu ambao sisi wanne tumeutafuta bila kuuona ulipoanzia. Mwenye penseli na akaribie.