Magnesiamu ya Kupaka na Kukandia: Ijue Kabla ya Kuinunua

Hotuba ya tabibu katika baraza la wananchi, Marani



Juzi katika kituo cha kununulia chai, mama mmoja aliniuliza: "Daktari, nikinunua mafuta ya magnesiamu, mgongo utapona?" Swali hilo ni la wengi hapa. Tunachuma chai tangu alfajiri, tunapanda milima na mizigo, na jioni viungo vinauma.

Magnesiamu ni madini ambayo mwili huyatumia katika kazi ya misuli na neva. Huuzwa kama mafuta ya kupaka, au kama chumvi ya Epsom, ile ambayo wazee waliiita chumvi ya haluli na kuinywa ili kusafisha tumbo.

Ukitia chumvi hiyo katika karai la maji ya uvuguvugu na kuloweka miguu dakika 15 hadi 20, utapata nafuu. Lakini nafuu hiyo hasa inatokana na joto la maji na kupumzika. Ukipaka mafuta, mkono unaosugua ndio unaosaidia zaidi. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu visiingie, na ushahidi kwamba magnesiamu hupita humo kwa wingi ni hafifu. Ndiyo maana hospitalini, tunapompa mama mwenye kifafa cha mimba dawa ya magnesiamu, tunatumia sindano. Hatumpaki.

Basi kama huna pesa za chupa, usisikitike. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Magnesiamu yenyewe iko shambani kwako: chinsaga, managu, maharagwe, njugu, ndizi na uji wa wimbi.

Anayetaka kuitumia azingatie haya. Usipake penye kidonda. Mwenye kisukari asiloweke miguu katika maji ya moto, kwa kuwa huenda asihisi anapoungua. Mwenye ugonjwa wa figo asinywe chumvi hiyo kamwe, na asitumie bidhaa za magnesiamu kabla ya kumuuliza daktari.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna maumivu ambayo si ya kusugua nyumbani. Mama mjamzito akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu machoni, au akivimba uso na mikono, aende hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda ndani. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, mgongo unaouma pamoja na homa, au miguu inayokufa ganzi na kushindwa kuzuia mkojo, hayo yote ni ya daktari. Na maumivu ya kawaida yakipita wiki mbili, njoo tukupime.

Hasara ya chupa si shilingi peke yake. Hasara kubwa ni siku unazopoteza ukisugua, huku ugonjwa ukikomaa.

Ukiwa na shaka, anza na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Yeye atakuelekeza zahanati au hospitali.

Yule mama nilimwambia: apunguze mzigo, aende mara mbili badala ya mara moja, na jioni aweke maji jikoni. Nanyi nawaambia hivyo hivyo.