Sindano za Vitamini Majumbani: Kutoka Yambuku hadi Butembo
Mhadhara wa umma



Niliposema kwamba nitazungumzia sindano za vitamini zinazopigwa majumbani, mwenzangu mmoja alinitazama kwa huruma. Katika mkoa wenye vita kama huu wetu wa Kivu Kaskazini, akaniuliza, umekosa la kusema? Vitamini haimuui mtu. Sina ugomvi mkubwa na neno lake hilo la mwisho. Ila nitawapeleka kwanza mahali ambapo vitamini haikumuua mtu, na watu wakafa vilevile.

Yambuku ni misheni ya Kikatoliki upande wa Bumba, kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 1976 hospitali yake ilikuwa na vitanda 120 na haikuwa na daktari hata mmoja. Ilikuwa mikononi mwa masista wa Kibelgiji na wauguzi wa Kikongomani. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano, yatumike kutwa nzima: kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa wajawazito wa kliniki. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano wakati mwingine ilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Mwishoni mwa Agosti mwanamume mmoja mwenye homa alidungwa klorokwini hapo, kwa kudhaniwa ana malaria. Wiki chache baadaye, wauguzi na watumishi 11 kati ya 17 walikuwa wamefariki na hospitali ikafungwa. Kwa jumla waliugua watu 318, wakafa 280. Ndiyo Ebola ya kwanza kujulikana nchini mwetu.

Wachunguzi waliofika, wakiwemo Jean-Jacques Muyembe aliyekuwa bado kijana na Peter Piot kutoka Ubelgiji, walikuta jambo la kushangaza: walioathirika zaidi walikuwa wanawake wa miaka 15 hadi 29. Sababu ilipatikana kliniki. Wajawazito walikuwa wakidungwa sindano za vitamini, sindano ambazo hazikuwatibu ugonjwa wowote. Katika ripoti ya uchunguzi ule kuna jambo ambalo nawaomba wanafunzi wa uuguzi walikariri: hakuna hata mmoja aliyepona kati ya wale walioambukizwa kwa njia ya sindano peke yake.

Kwa hiyo mwenzangu hakukosea. Vitamini ya Yambuku haikumuua mtu. Iliyoua ni safari ya sindano kutoka mwili huu hadi mwili ule, na safari hiyo haikuwa na ulazima, kwa kuwa wanawake wale hawakuwa wagonjwa. Hilo ndilo ninalotaka kulisema usiku huu, na mengine yote ni maelezo yake: anayedungwa vitamini bila ugonjwa unaoidai hapati faida ya kupima dhidi ya hatari. Hatari ikiwa ndogo, bado ameinunua bure. Ikiwa kubwa, ameinunua bure vilevile.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola ya Mangina, mji mdogo karibu na Beni, na ilipofika tarehe 25 Juni 2020 ndipo ikatangazwa kwisha, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Humu ndani wengi wetu tuna jina la mtu katika hesabu hiyo, sitaeleza mengi. Ila kuna sura moja ambayo tumeisahau upesi. Katika miezi ya mwisho ya 2018 watoto walioambukizwa Beni walikuwa wengi kupita kawaida. Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ya Beni ilipitia kwenye vituo vidogo vya tiba, vile tunavyoviita tradi-moderni: vyumba viwili katika nyumba ya mtu, miti-shamba upande mmoja na sindano upande wa pili. Malaria ilikuwa imepamba moto. Mtoto alipelekwa na homa, akadungwa, akarudi kwao. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kujionyesha, kwa hiyo mama alipoiona homa ya pili hakuifikiria tena ile sindano.

Msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuitukana sindano. Ni katika miji hii hii, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ambako wagonjwa 681 walishiriki jaribio la dawa lililoitwa PALM, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Dawa zote nne zilipitishwa kwenye mshipa. Mbili kati yake zilishusha vifo hadi karibu theluthi moja ya waliozipata, wakati dawa ya kulinganishia iliacha karibu nusu wakifa. Mojawapo ya hizo mbili, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Na watu zaidi ya 300,000 walidungwa chanjo. Hakuna mji Afrika unaoweza kutufundisha sisi faida ya sindano iliyo mahali pake.

Lakini tazameni tulivyo. Wakati ule ule baadhi yetu walimkimbia mchanjaji barabarani, na jioni wakamwita jirani mwenye mkoba aje awapige vitamini B, awatundikie na seromu ya kuongeza nguvu. Sindano yenye ushahidi ilitiliwa shaka, isiyo na ushahidi ikalipiwa. Wageni waliandika kwamba huo ni ujinga. Mimi nakataa. Ya mchanjaji ililetwa na magari yenye askari, na mleta hakujulikana ukoo wake. Ya jirani ililetwa na mtu aliyemsaidia dada yako kujifungua. Mwanaanthropolojia Harriet Birungi aliandika jambo linalofanana na hili kuhusu Uganda mwaka 1998: watu walipoacha kuziamini hospitali za serikali, na hofu ya UKIMWI ikawa juu, walinunua mabomba yao wenyewe, wakayaweka nyumbani, wakamwita mtu wanayemfahamu. Walidhani wanajikinga. Na kwa kiasi fulani walijikinga, kama bomba lilikuwa la mtu mmoja kweli. Shida ni kwamba bomba la nyumba hugeuka kuwa bomba la ukoo.

Imani yetu hii kwa sindano ina asili. Babu zetu waliona buba ikila watu nyuso na miguu. Kisha miaka ya 1950 ikaja penisilini, dozi moja tu, na baada ya siku chache vidonda vikakauka. Nani angeyaona hayo asiiamini sindano? Lakini iliyoponya ni penisilini. Sifa ikaibeba sindano, na tangu hapo kila kioevu kinachopitia kwenye sindano kimerithi heshima ile.

Je, vitamini yenyewe? Kuna watu wanaohitaji kudungwa, na ni wachache. Mtoto mchanga hudungwa vitamini K, miligramu 1, ili asivuje damu. Mtu ambaye tumbo lake haliwezi kufyonza B12, au aliyekatwa sehemu ya tumbo, atadungwa B12 maisha yake yote, na akiikosa mishipa yake ya fahamu huharibika. Mlevi wa muda mrefu anayeletwa amechanganyikiwa, au mjamzito aliyetapika wiki nzima, huhitaji B1 haraka. Waliobaki, utumbo wao unafanya kazi, na chakula kinatosha, au kidonge. Hata vitamini A ya watoto wetu hutolewa kwa matone ya mdomoni: kidonge cha buluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa aliyefika mwaka. Mawese yanayopanda kutoka bondeni Beni yana asili ya vitamini A, lenga-lenga na sombe pia. B12 iko katika ndagala, katika samaki wa Kyavinyonge, katika maini na mayai, na ini la mwanadamu huiweka akiba kwa miaka.

Mtasema: lakini mimi nilidungwa, nikapata nguvu, hata mkojo ulibadilika rangi. Ulibadilika kwa sababu B2 ni ya njano na mwili ulikuwa unaitupa. Pesa yako ndiyo uliyoiona chooni. Na nguvu? Ulilala saa mbili bila mtu kukusumbua, ukaingizwa maji na sukari, mtu akakushika mkono akakuuliza habari. Hayo yana thamani, sibishi, ila hayahitaji sindano.

Ninachokiogopa zaidi ni kile ambacho sindano inakificha. Mama anasema amechoka. Uchovu huo unaweza kuwa malaria, minyoo inayonyonya damu, mimba, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI. Kila kimoja kina kipimo chake, na vingi kati ya vipimo hivyo ni tone la damu kidoleni. Akipigwa vitamini, amepoteza wiki tatu. Upo pia uchovu wa aina nyingine, na Beni mnaujua tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza: watu wasiolala, watu walioacha mashamba ya Mbau na Oicha na kujazana kwa ndugu chumba kimoja. Hakuna vitamini ya usingizi uliokoseshwa na hofu. Mtu huyo anahitaji kusikilizwa, na tukimdunga tunamnyamazisha.

Madhara mengine niyapitie upesi. Sindano ikipigwa vibaya takoni hugusa mshipa mkubwa wa fahamu, na mtoto akabaki akiburuta mguu. Wilaya iitwayo Kumi, mashariki mwa Uganda, imejulikana kwa watoto ambao misuli yao ya matako iligeuka makovu hata wakashindwa kuchuchumaa, na sindano za mara kwa mara zikashukiwa kuwa chanzo. Jipu kila muuguzi amelipasua. B1 ikiingia mshipani inaweza, mara chache, kuleta mzio mkali unaoua ndani ya dakika, na nyumbani hakuna adrenalini. Vitamini C kwa dozi kubwa mshipani hupasua chembe za damu za mtu aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, na upungufu huo si adimu Kongo. Vitamini A na D zikizidi hazitoki kwa mkojo, hujilimbikiza. Kisha virusi: mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B hufika hadi 30 kwa 100, homa ya ini C karibu 2 kwa 100, UKIMWI 3 kwa 1,000. Katika kijiji cha Roka, Kambodia, mwaka 2014, watu zaidi ya 200 waligunduliwa na virusi vya UKIMWI baada ya kudungwa na tabibu asiye na leseni ambaye walimpenda sana. Walimpenda, nalirudia hilo, na alikuwa akiwafuata nyumbani.

Je, haifai kabisa kudungwa nyumbani? Inafaa. Mgonjwa wa kisukari hujidunga insulini kila siku, na mgonjwa wa kweli wa B12 anaweza kufundishwa vilevile. Lakini aanze na karatasi ya daktari inayotaja ugonjwa, dozi na tarehe ya kukomesha. Dozi ya kwanza apewe kituoni na akae nusu saa. Dawa inunuliwe kwenye farmasi yenye kibali, inayonunua kwenye bohari rasmi ya dawa kama CADIMEBU. Siyo juu ya meza ya sokoni, hata kama chupa imevuka mpaka wa Kasindi juzi. Ampuli ivunjwe mbele yako, ya mtu mmoja, inayobaki itupwe. Bomba na sindano vitoke kwenye karatasi ambayo haijachanika, na kuchemsha bomba la plastiki si kulisafisha. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mahali ni paja upande wa nje au bega, siyo tako. Sindano ikishatumika isirudishiwe kifuniko chake. Iingie moja kwa moja kwenye dumu gumu, na dumu lirudi kituoni. Mtoto akiiokota jalalani Butembo, kosa ni letu.

Nimewasema wagonjwa vya kutosha, sasa tujiseme na sisi. Wauguzi wengi wa mkoa huu hawapati mshahara wa serikali. Wanakula kwa anacholipa mgonjwa. Anayemsikiliza mgonjwa nusu saa na kumwambia nenda ukale ndagala, hakulipwa kitu. Anayetundika seromu ya njano amelipwa, na mgonjwa ameondoka akimshukuru. Tukiendelea hivyo, mafunzo hayatasaidia. Wakati wa Ebola, matibabu yalipofanywa bure katika zoni zilizoathirika, watu walirudi vituoni. Bure haiwezekani siku zote. Lakini bei moja kwa ugonjwa wote inawezekana, na imejaribiwa katika baadhi ya zoni za afya nchini: mgonjwa analipa mara moja, adungwe asidungwe. Hapo sindano isiyo ya lazima inakuwa gharama kwa kituo badala ya kuwa mapato.

Nawaomba waganga wakuu wa zoni za Butembo, Katwa na Beni waanze na hilo kabla ya kuwafungia watu wa mikoba milango. Na wewe uliyeketi hapa, ukiambiwa kesho kwamba unahitaji sindano ya nguvu, muulize anayekuambia: ni ya ugonjwa gani? Asipoutaja, funga mkono wa shati lako, mlipe kwa kuja kwake, umwache aende.