Daraja Lihesabiwe kwa Watu

Wiki hii nataka tuzungumzie madaraja ya baharini, hasa yale yanayojengwa kwa nia ya kupunguza foleni za mjini. Hapa Dar es Salaam tunayo mawili. Lipo la Kigamboni, linaloitwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa tarehe 19 Aprili, 2016. Na lipo la Tanzanite, lililoanza kupitisha magari mwaka 2022, ambalo hutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan na kukatiza majini kwa kiasi cha kilomita moja hadi upande wa Oysterbay. Yote mawili yanapendeza, na watu huenda kupigia picha pale. Lakini fedha za umma hazikutolewa kwa ajili ya picha. Hapana budi tuulize: madaraja haya yanamvusha nani?

Tuanze na Kigamboni. Kwa miaka mingi mkazi wa ng'ambo ile aliishi kwa rehema ya pantoni. Pantoni ikiharibika, mwenye gari alilazimika kuzunguka kwa njia ya Kongowe na Mbagala, na asiye na gari alikaa kando ya maji akisubiri. Mgonjwa alisubiri, mwanafunzi alisubiri, na samaki wa mchuuzi waliharibika kwenye tenga. Nauli ya mtu mmoja ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, Januari 2012, mabishano yalikuwa makubwa. Asiyevuka kila siku aliziona shilingi mia kuwa kitu kidogo. Anayekwenda na kurudi siku sita za wiki alikuwa na hesabu nyingine.

Mwaka huo huo wa 2012 ujenzi wa daraja ulianza pale Kurasini. Shirika la NSSF lilibeba asilimia 60 ya gharama, na Serikali asilimia 40. Likachaguliwa daraja la nyaya, na sababu yake inaeleweka. Daraja la kawaida hukaa juu ya nguzo nyingi zilizokaribiana, na nguzo nyingi ndani ya mkondo ni kikwazo kwa vyombo vya majini. Katika daraja la nyaya mafundi husimamisha minara michache, kisha kutoka kwenye minara hiyo huteremsha nyaya nene za chuma kwa mshazari, kila waya ukishika sehemu yake ya barabara. Uzito wa gari huvuta waya, waya huupeleka uzito huo kwenye mnara, na mnara huushusha hadi kwenye misingi iliyozama chini ya maji. Hivyo hubaki uwazi mpana katikati. Daraja letu lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, tatu za kwenda na tatu za kurudi, pamoja na njia za waendao kwa miguu.

Sasa msikilizaji, ukisimama Magogoni asubuhi, miaka yote hii baada ya daraja kufunguliwa, utaona pantoni bado inajaza watu. Kwa nini? Ni kwa sababu daraja liko Kurasini, na feri iko Kivukoni, mlangoni mwa mji. Mei 2016, chini ya mwezi mmoja tangu daraja kufunguliwa, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na kituo chake cha mwisho ni hapo hapo Kivukoni. Mtu wa miguu akishuka pantoni anatembea hatua chache, anapanda basi, anakwenda Kariakoo au Kimara. Kwake yeye kupita darajani ni kuzunguka. Aliyenufaika zaidi na daraja ni mwenye gari. Sisemi kwamba huyo hakustahili. Nasema wasio na gari ndio wengi.

Jambo la pili ni foleni yenyewe. Daraja huondoa kikwazo cha maji, lakini magari lililoyapitisha lazima yatokee mahali. Upande wa Kurasini yanakutana na malori ya bandarini katika barabara ya Mandela. Yale ya Tanzanite yanamwagika katika njia panda za katikati ya mji, ambazo hazikuongezeka upana kwa sababu daraja limejengwa. Mfereji ukipanuliwa katikati na mdomo ukabaki mwembamba, maji yatafurika mdomoni.

Jambo hili limeonekana katika miji mingine ya Bahari hii ya Hindi. Mumbai walifungua daraja la nyaya kati ya Bandra na Worli mwaka 2009, lenye urefu wa kilomita 5.6. Safari iliyomchosha dereva katika barabara za mjini ikawa ya dakika chache tu. Lakini tangu mwanzo pikipiki, bajaji na waendao kwa miguu walikatazwa kupita. Na Mumbai ni mji ambao mamilioni ya watu husafiri kila siku kwa treni, wengine wakining'inia milangoni. Abiria huyo wa treni alilitazama daraja kwa mbali.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua njia moja tu ya barabara, na uweke basi moja lenye watu 60 kila dakika. Kwa saa moja mabasi 60 yatavusha watu 3,600. Kuwavusha watu hao hao kwa magari madogo yenye watu wawili wawili, unahitaji magari 1,800, ambayo yataijaza njia hiyo saa nzima na bado yatatafuta pa kuegesha Posta. Njia ni ile ile na zege ni lile lile. Tofauti iko katika kile tulichoamua kukipa nafasi.

Kuna suala la tozo pia. Waendao kwa miguu hawakutozwa Kigamboni, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini magari yalitozwa kwa ukubwa wake, hata basi la abiria likalipa zaidi kuliko gari dogo lenye mtu mmoja. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Wapo waliotaka zifutwe zote mara moja. Hapo tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya fedha zile ilikuwa akiba ya wafanyakazi, na mzee anayesubiri pensheni yake naye ana haki. Walakini inawezekana kabisa kulinda akiba hiyo huku basi la abiria likipewa unafuu mkubwa kuliko gari la mtu mmoja. Tozo ipimwe kwa idadi ya watu waliomo, isipimwe kwa urefu wa bodi.

Nini kifanyike? Katika njia tatu za kila upande pale Kigamboni, moja ingeweza kutengwa kwa mabasi wakati wa asubuhi na jioni. Mabasi yanayovuka daraja yaunganishwe na vituo vya mwendokasi, kwa tiketi moja, ili anayetoka Kibada au Mjimwema asilipe mara tatu kabla ya kufika kazini. Na pantoni zisiachwe zichakae kwa kisingizio kwamba daraja lipo, maana maelfu bado wanazitegemea. Wenzetu wa Mombasa, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizungumzia daraja la namna hii pale Likoni, nao wayaangalie haya mapema, kwa kuwa wavukaji wao wengi ni watu wa miguu.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tumekwisha kujenga. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mama mwenye tenga lake la samaki anafika sokoni mapema na samaki wakiwa bado wazima.