Tuleteeni Watoto Karakanani



Katika karakana yetu ndogo hapa Uingereza tunatengeneza zeze la Wagogo wa Dodoma: kibuyu kikavu, ngozi ya mbuzi, mpini wa mti, nyuzi na upinde. Ngozi huwambwa ikiwa imelowa. Ikikauka hukaza, ndipo sauti hutoka. Haraka hailiwezi zeze.

Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliifikisha sauti hiyo duniani. Lakini watoto wetu wengi waliozaliwa huku wanalijua kwa picha tu, nasi mafundi tumezeeka.

Uhuru wa 1961 tulirithishwa. Na ufundi nao hurithishwa. Wazazi, tuleteeni watoto Jumamosi. Vibuyu tunavyo, tunakosa warithi.