Mlango Kwanza, Ukuta Baadaye
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jambo limgusalo kila karani, nalo ni kujipatia nyumba yake mwenyewe. Akaaye katika nyumba ya kazi hukaa kwa muda tu. Siku ya kustaafu hutakiwa kurudisha funguo, na mtu mwenye mvi huanza kutafuta chumba cha kupanga. Kwa hiyo wengi wetu hujenga polepole, na wengi hukwama mahali pamoja: kuta zimesimama, bati limeezekwa, fedha zimekwisha, na matundu ya madirisha yamezibwa kwa magunia.

Rai yetu ni hii: anza na milango na madirisha, tena yaliyokwisha tumika. Nyumba za zamani zibomolewapo, hutoka miimo ya msaji, mvule na mninga, mbao zilizokauka kitambo, zisizopinda kama mbao mbichi. Wala si jambo geni. Huko Unguja watu wa kale walikuwa wakisimamisha mlango kwanza, kisha kuta zikaufuata.

Kwanza, pima kabla ya kujenga. Andika katika daftari urefu na upana wa kila fremu, na fundi aache nafasi iliyozidi nusu inchi kila upande. Madirisha yasipolingana kimo, vichwa vyake viwe katika mstari mmoja, na tofauti iende chini. Hivyo lenta moja ya zege yaweza kupita juu ya yote, na jicho halitaona kasoro.

Pili, chunguza. Nyosha uzi toka pembe moja hata pembe ya mkabala, kisha fanya vivyo hivyo kwa pembe zilizobaki. Vipimo viwili vikiwa sawa, fremu haikupinda. Chomeka ncha ya kisu chini ya miimo, kwani ndipo maji na mchwa huanzia. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, iache. Na utakapoisimamisha, miimo isikanyage udongo, bali jiwe au zege.

Tatu, jihadhari na rangi. Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, nayo ni sumu iumizayo hasa akili za watoto. Usiichome kwa moto wala usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji, ikwangue mbali na watoto, na magamba yake yakusanywe yote.

Nne, nalo ndilo kubwa, ni hati ya kuuziana. Hapa hatusemi kwa kusikia. Tulinunua milango miwili jioni moja, kutoka garini, kwa bei iliyotupendeza mno, wala hatukudai hati. Sisi ambao kazini hatupokei hata bahasha bila sahihi! Baada ya miezi mitatu alikuja mzee mmoja, akaomba kwa adabu aone upande wa ndani wa mwimo. Palikuwa na mikato midogo tisa. Sisi tuliidhani ni alama za seremala, kumbe ndiyo aliyopimia vimo vya wanawe walipokuwa wakikua. Hakutushitaki. Tuliing'oa milango yote miwili siku ile ile, na kipande cha ukuta pamoja nayo, tukalala tumeegemeza meza mlangoni. Fedha zilizopotea ziliuma. Lakini lililouma zaidi ni kujua kwamba tungaliweza kuitwa wezi, na karani aitwaye mwizi hana tena cha kumtetea.

Basi hati iwe na jina la muuzaji, nyumba ilikotolewa mbao, vipimo, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Muuzaji akikataa kuandika, rudi nyumbani na fedha zako.

Tena, mlango wa nakshi una sheria yake. Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 huulinda mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Na Kenya, sheria ya mwaka 2006 huilinda ile iliyochongwa kabla ya mwaka 1946. Uoneshwapo mlango wa namna hiyo, waulize kwanza maofisa wa mambo ya kale kabla hujatoa hata senti moja.

Mabwana, haba na haba hujaza kibaba. Dirisha moja mwaka huu, mlango mmoja mwakani, kila kimoja na hati yake ndani ya jalada, na siku ya kurudisha funguo za watu utakuwa na funguo zako mkononi. Lakini ziwe funguo za mlango ambao mtu yeyote aweza kuja kuukagua, nawe ukamkaribisha ndani bila hofu.